Damali: Asili, Maana na Uenezi wa Jina Nadra la Kike Jijini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya Damali, jina la kike linalofahamika vizuri jijini Kampala na katika maeneo ya jirani, lakini ambalo ni nadra kwingineko duniani. Orodha nyingi za majina ya watoto zinalitaja kuwa la Kiswahili au la Kiarabu lenye maana ya "njozi nzuri". Kwa kutumia ushahidi wa kifonolojia, historia ya tafsiri ya Biblia nchini Uganda na desturi za Waganda za kutoa majina, makala yanaonesha kwamba dai hilo halina msingi. Damali ni umbo la Luganda la jina la Kigiriki Damaris, na konsonanti yake ya /l/ ndiyo shahidi mkuu wa njia lililopita. Makala yanahitimisha kwa kueleza umuhimu wa matokeo haya kwa usajili wa watu na kwa sera ya Kiswahili nchini Uganda na katika Afrika Mashariki kwa jumla.

Utangulizi

Uchunguzi wa majina ya watu, yaani tawi la onomastiki linalohusu binadamu, umekuwa ukipata nafasi inayozidi kukua katika taaluma ya Kiswahili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hizo hujikita katika majina ambayo maana yake iko wazi kwa mzungumzaji: Riziki, Mwanaidi, Tabu, Sikudhani, Neema. Majina ya aina hii humpa mtafiti urahisi fulani, kwa kuwa akilitaja jina, ametaja pia neno la kawaida la lugha. Ugumu huanza pale jina linapokuwa halina neno linalolingana nalo katika lugha ya wanaolitumia. Hapo ndipo watu hushawishika kulitafutia maana, na maana inayopatikana kwa ushawishi huo mara nyingi hueleza zaidi matamanio ya mtafutaji kuliko historia ya jina lenyewe.

Damali ni mfano mzuri wa tatizo hili. Jijini Kampala jina hili halimshangazi mtu. Husikika makanisani, shuleni, ofisini na sokoni, ingawa halihesabiki pamoja na majina yaliyoenea mno kama Sarah au Grace. Nje ya Uganda na jamii zenye asili ya huko, mwenye jina hili hulazimika kulitamka mara mbili na kulitajia herufi. Kwa hiyo unadra wake ni wa kijiografia: ni jina lenye makao, na makao hayo yanajulikana. Maswali matatu yanafuata. Jina hili lilitoka wapi? Lina maana gani? Na kwa nini lilishika mizizi hapa na si kwingine?

Madai ya "njozi nzuri"

Katika vitabu na orodha za majina zinazowalenga wazazi, hasa wa Marekani, Damali hutajwa kuwa jina la Kiswahili, la Kiarabu, au la lugha zote mbili, na hufasiriwa kama "njozi nzuri" au "maono mazuri". Dai hili lina historia yake. Tangu miaka ya 1960, Wamarekani weusi wengi walikigeukia Kiswahili kama lugha ya kurejesha uhusiano wao na Afrika. Sherehe ya Kwanzaa, iliyoasisiwa na Maulana Karenga mwaka 1966, ilikopa istilahi zake kutoka Kiswahili, na orodha za majina ya Kiafrika zilipata wasomaji wengi. Damali lilipata nafasi katika mkondo huo mpana. Msomaji wa riwaya za L. A. Banks, zilizoanza kutoka mwaka 2003 kwa kitabu cha *Minion*, hulikuta kama jina la shujaa wa kike, Damali Richards. Jina linalosomwa kwa mapenzi kiasi hicho lilihitaji kuwa na maana, na maana ikapatikana.

Dai hilo, hata hivyo, halistahimili uchunguzi. Katika Kiswahili, dhana ya kitu kionwacho usingizini au katika hali ya ufunuo hubebwa na maneno njozi, ndoto, ruya na maono. Dhana ya uzuri hubebwa na uzuri, urembo, jamali na mengineyo. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linaloweza kuzaa *damali* kwa kanuni yoyote inayojulikana ya uundaji wa maneno katika Kiswahili. Kamusi za Kiswahili zina *damu* na *damani*, lakini *damali* halimo kama neno la kawaida.

Upande wa Kiarabu nao hauleti nafuu. Mzizi wa konsonanti d-m-l katika lugha hiyo unahusiana na kurutubisha ardhi kwa samadi, na kwa upanuzi wa maana, kupona kwa kidonda. Jipu nalo huitwa kwa neno la mzizi huohuo. Maana hizi ni za heshima katika nyanja zake, lakini haziko karibu na njozi wala uzuri. Huenda mwandishi fulani wa awali alilichanganya jina hili na Jamali, kisha orodha zikanakiliana. Vyovyote iwavyo, kurudiwarudiwa kwa dai hakulifanyi kuwa ushahidi. Asili ya jina hili haina budi kutafutwa kwingine.

Mwanamke wa mstari mmoja

Asili hiyo imo katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, mstari wa 34. Baada ya hotuba ya Mtume Paulo katika Areopago jijini Athene, mwandishi anataja wachache walioamini. Wawili kati yao wanatajwa kwa majina: mwanamume aitwaye Dionisio na mwanamke aitwaye, kwa Kigiriki, Damaris. Hatajwi tena mahali pengine popote katika Biblia. Hana kauli, hana tendo jingine, wala hatajwi ukoo wake. Katika karne ya 4 Yohane Krisostomo alimtaja kuwa mke wa Dionisio, lakini maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Tena, katika hati maarufu ya kale iitwayo Bezae, mwanamke huyu hayumo kabisa.

Wataalamu wa Kigiriki hawajaafikiana kuhusu maana ya jina lenyewe. Wapo wanaolihusisha na *damar*, neno la kishairi lenye maana ya mke. Wengine huliona kuwa lahaja ya *Damalis*, jina la kike la Kigiriki linalotokana na neno la kumtaja mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa. Dhana hii ya pili inaungwa mkono na jambo moja la kuvutia: hati moja ya kale ya Kilatini ina umbo lenye /l/, Damalis, badala ya lenye /r/. Jambo hili litarejewa hapa chini, kwa kuwa linaweza kumpotosha mtafiti anayeliangalia umbo la Kampala kwa haraka.

Katika Ukristo wa Ulaya jina hili halikuwahi kuwa la kawaida. Lilipata nafasi zaidi miongoni mwa Waprotestanti wa Uingereza wa karne ya 16 na 17, waliopenda kuwapa watoto majina kutoka Biblia badala ya yale ya watakatifu wa mapokeo ya Kanisa Katoliki. Mwanafalsafa Damaris Cudworth Masham (1659–1708), rafiki wa John Locke, ni mmoja wa waliolibeba. Mfano huu una faida kwa hoja inayofuata, kwa sababu mazingira yaliyolizalisha jina hilo Uingereza yanafanana kwa kiasi na yale yaliyolizalisha Buganda: jamii inayoanza kuisoma Biblia kwa lugha yake yenyewe, na inayoona katika kila jina la kitabu hicho, hata lililotajwa mara moja tu, uwezekano wa jina la mtoto.

Njia ya kufika Kampala

Majina ya kigeni hayakuanza Buganda na wamisionari. Waislamu wa pwani waliofuata njia za biashara walifika katika ikulu ya Kabaka kabla yao. Ahmed bin Ibrahim alifika mwaka 1844, katika enzi ya Kabaka Suuna II, na Uislamu uliingia pamoja na Kiswahili, Kiarabu na majina yake. Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1875, aliyebaki nyuma kufundisha alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyelelewa na misheni ya Zanzibar na aliyetumia Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana waliofika mwaka 1877 walikitumia Kiswahili katika mafundisho yao ya mwanzo. Kwa hiyo wasomaji wa kwanza wa Kikristo Buganda, walioitwa kwa Luganda *abasomi*, walikutana na maandiko katika Kiswahili kabla ya kuyapata katika lugha yao.

Hali hiyo ilibadilika haraka. Alexander Mackay alitamani Kiswahili kiwe lugha moja ya kuunganisha eneo, lakini Askofu Alfred Tucker alikipinga, akikiona kuwa karibu mno na Uislamu. Luganda ikapewa nafasi ya kwanza. George Pilkington, msomi wa lugha za kale kutoka Cambridge, akishirikiana na Henry Wright Duta Kitaakule na Waganda wengine, alisukuma mbele kazi ya tafsiri kwa kasi kubwa. Agano Jipya kamili lilipatikana mwaka 1893 na Biblia nzima mwaka 1896. Pilkington aliuawa mwaka uliofuata huko Busoga, wakati wa uasi wa askari wa Kisudani, lakini kitabu kilikuwa tayari mikononi mwa watu.

Ukweli kwamba kusoma lilikuwa sharti la kubatizwa katika Kanisa la Kianglikana ulikuwa na athari kubwa kwa majina. Aliyeomba ubatizo alikuwa amepitia kurasa za Injili na Matendo yeye mwenyewe. Ndiyo maana majina ya kizazi hicho yana upana ambao humshangaza mtu aliyezoea Yohana na Maria peke yake. Katikiro Apolo Kaggwa alichukua jina la mhubiri wa Aleksandria anayetajwa katika Matendo 18. Semei Kakungulu alichukua jina la Shimei wa Agano la Kale. Kulikuwa na Zakaria, Batolomayo, Serwano, Yoswa na Nuwa. Baadaye wengine walivuka mipaka ya Biblia kabisa, kama inavyoonekana kwa Katikiro Martin Luther Nsibirwa.

Upana huohuo ulionekana kwa wanawake. Idadi ya wanawake waliotajwa kwa majina katika Agano Jipya ni ndogo, na kila mmoja wao alikuwa na thamani kwa mzazi au mwombaji wa ubatizo aliyetafuta jina. Irene Drusilla Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa II na mama wa Mutesa II, alibeba jina la mwanamke anayetajwa katika Matendo 24. Damali ni wa kundi hilohilo la majina yaliyotoka katika kurasa za Matendo ya Mitume.

Ushahidi wa konsonanti

Hoja kwamba Damali limetoka katika Biblia ya Luganda haitegemei historia ya misheni peke yake. Inathibitishwa na umbo la jina lenyewe.

Katika Luganda, kitambaza [l] na kimadende [r] si fonimu mbili tofauti. Ni alofoni za fonimu moja, na mgawanyo wake hutawaliwa na irabu inayotangulia. Tahajia ya Luganda, iliyosanifishwa mwaka 1947, huandika *r* baada ya irabu *e* na *i*, na *l* kwingineko kote, ikiwemo mwanzoni mwa neno. Kanuni hii huyapata pia majina ya kigeni yanapotoholewa, bila kujali kama lugha chanzi ilikuwa na *r* au *l*. Rebeka huwa Lebbeeka. Raheli huwa Laakeeri, ambapo *r* ya mwanzo imegeuka kuwa *l* na *l* ya mwisho imegeuka kuwa *r*. Sara huwa Saala. Filipo huwa Firipo. Pilato huwa Piraato. Katika Yerusaalemi sauti zote mbili zimo, kila moja mahali pake kwa mujibu wa irabu iliyoitangulia.

Kanuni ya pili ni ya muundo wa silabi. Luganda, kama Kiswahili, hupendelea silabi huru, na kwa hiyo haiiachi *s* ya Kigiriki mwishoni mwa jina. Hapa mifano miwili kutoka kitabu kimoja inatosha. Silasi, mwenzake Paulo katika Matendo 16, ni Siira katika Luganda: *s* ya mwisho imeangushwa, na *l* imekuwa *r* kwa sababu inatanguliwa na *i*. Damaris wa sura inayofuata ni Damali: *s* ya mwisho imeangushwa, na *r* imekuwa *l* kwa sababu inatanguliwa na *a*. Mabadiliko hayo mawili yanaelekea pande zinazopingana, lakini kanuni ni moja.

Ulinganisho na Kiswahili unakamilisha ushahidi. Kiswahili kina /l/ na /r/ kama fonimu tofauti, na kwa hiyo Biblia ya Kiswahili ina Sila na Damari. Kimeangusha *s*, kama Luganda ilivyofanya, lakini kimehifadhi konsonanti ya asili katika kila jina. Kama jina la Kampala lingetoka katika Kiswahili, lingetarajiwa kuwa Damari kwa mwandishi wa Kiswahili, na lingegeuka kuwa Damali pale tu lilipoingia katika kinywa na kalamu ya Mganda. Kwa vyovyote vile, /l/ ni alama ya Luganda. Jina hili ni la Kigiriki kwa asili na la Luganda kwa umbo.

Inabaki ile hati ya Kilatini yenye Damalis. Je, yawezekana kwamba watafsiri wa Luganda waliifuata? Hakuna haja ya dhana hiyo. Kanuni ya Luganda inaleta *l* hapa kwa lazima, hata kama matini chanzi ingekuwa na *r* katika kila hati duniani. Kufanana kwa maumbo hayo mawili ni sadfa. Hata hivyo ni sadfa yenye funzo. Umbo ambalo karani asiyejua Luganda angeliona kuwa kosa la tahajia linafanana na lile ambalo baadhi ya wataalamu wa Kigiriki wamelidhania kuwa la asili.

Kutoka ubatizo hadi ikulu

Kuingia kwa jina katika kitabu hakutoshi kulieneza. Prisila, anayetajwa mara kadhaa katika Agano Jipya na mwenye habari nyingi zaidi, angeweza kutarajiwa kumshinda Damali kwa mbali. Tofauti moja iko wazi kwa mwanaisimu. Katika Biblia ya Luganda Prisila ni Pulisikira, jina la silabi tano, lenye irabu ya kupachikwa ili kutenganisha konsonanti za mwanzo. Damali lina silabi tatu huru, zote za konsonanti moja na irabu moja. Mtu asiyejua asili yake hawezi kulitofautisha na neno la Kibantu kwa kulisikia tu.

Sababu ya pili ni mfumo wa majina wa Waganda. Kwa desturi, Mganda hana jina la familia linalorithiwa kutoka kwa baba kwa namna ya Kiingereza. Ana jina la ukoo, *erinnya ly'ekika*, linaloonesha ukoo aliozaliwa, na jina la dini, *erinnya ly'eddiini*, linaloonesha jamii ya imani. Majina mengi ya ukoo ya kike huanza na Na-, kama Namaganda na Nansubuga. Hivyo jina la ukoo humweka mtu katika nasaba, na jina la dini humweka, kwa namna ya kusema, katika kilima: Namirembe kwa Waanglikana, Rubaga kwa Wakatoliki, Kibuli kwa Waislamu. Wakatoliki kwa kawaida walichota majina kutoka orodha ya watakatifu, na Waislamu kutoka mapokeo ya Kiarabu. Jina lililotajwa mara moja katika Matendo, lisilo na ibada kubwa ya mtakatifu nyuma yake, lilielekea kuwa alama ya Namirembe.

Sababu ya tatu ni ya kihistoria. Mwaka 1948 Kabaka Mutesa II alimwoa Damali Nnakawombe, binti wa Christopher Kisosonkole wa ukoo wa Nkima, katika Kanisa Kuu la Namirembe. Jina la mwanamke wa mstari mmoja likawa jina la Nnabagereka, mke wa Kabaka. Lilitajwa katika sala, magazetini na katika mazungumzo ya nyumbani, na lilibaki hivyo katika miaka ya uhamisho wa Kabaka Uingereza kuanzia mwaka 1953 na kurejea kwake mwaka 1955. Haitakuwa sahihi kusema kwamba ndoa hiyo ndiyo iliyolianzisha jina. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amelipewa kabla, na hilo ni ushahidi kwamba lilikuwa tayari limekubalika katika familia za Kiprotestanti za Mengo. Lakini ndoa hiyo ililiongezea heshima, na majina ya watu wa ikulu hayakosi wa kuyaiga.

Nje ya Buganda, Luganda ilitumika kama lugha ya kanisa na ya shule katika Busoga na sehemu nyingine za mashariki mwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Popote Biblia ya Luganda iliposomwa, umbo lenye /l/ liliweza kwenda nayo. Katika magharibi, ambako Runyankore-Rukiga huandika *r* peke yake, na nchini Kenya, ambako umbo la Kiingereza Damaris ndilo lililozoeleka, jina lilichukua sura nyingine. Ramani ya konsonanti hii moja, kwa hiyo, ni pia ramani ya lugha zilizotumika kueneza Ukristo katika eneo hili.

Damali, Damalie, Damaris

Historia hii ingeweza kuishia hapa kama jambo la kuwafurahisha wataalamu, lau kama maumbo ya jina yasingekuwa pia maandishi ya kisheria. Kampala ya leo ina angalau maumbo manne ya jina hili: Damali, Damalie, Damalis na Damaris. Damalie limeongezewa *e* ya mwisho isiyotamkwa, kwa mtindo wa tahajia ya Kiingereza, kama vile Aida lilivyoongezewa *h* na kuwa Aidah, na Robina likawa Robinah. Damalis limerudisha *s* lakini limehifadhi *l* ya Luganda. Damaris limerudi kwenye umbo la Biblia ya Kiingereza.

Kwa mzungumzaji, haya ni jina moja. Kwa mfumo wa kompyuta, ni majina manne. Mathalani, mwanamke aliyeandikwa Damali katika cheti cha ubatizo, Damalie katika cheti cha mtihani na Damaris katika hati ya kusafiria anaweza kutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mmoja. Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, inaruhusu kubadili jina, lakini kwa utaratibu unaohusisha tangazo katika Gazeti la Serikali. Utaratibu huo una sababu zake za msingi. Hata hivyo, uliwekwa kwa ajili ya mtu anayebadili jina. Mwanamke huyu hakubadili chochote. Waliolibadili jina lake ni makarani watatu, kila mmoja akifuata tahajia ya lugha aliyoiona kuwa sahihi: Luganda kanisani, Kiingereza cha mazoea shuleni, na Biblia ya Kiingereza ofisini.

Gharama ya hali hiyo hailipwi na mfumo, hulipwa na mwenye jina. Hulipwa wakati wa kudai mirathi, kupokea pensheni, kufungua akaunti ya benki au kuvuka mpaka. Na kwa kuwa majina ya dini ya kike nchini Uganda yana tahajia nyingi za aina hii, tatizo si la Damali peke yake.

Kiswahili kinaingiaje katika suala hili?

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili nchini Uganda. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kitaifa la Kiswahili, na mwaka 2022 likatoa uamuzi wa kuipa lugha hii nafasi kubwa zaidi katika elimu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliamua mwaka 2021 kukitumia kama lugha yake rasmi. Mwaka 2023 Kampala ilikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya Jumuiya ya Siku ya Kiswahili Duniani. Ni dhahiri kwamba nyaraka nyingi zaidi za Uganda zitaandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ijayo, na majina ya watu yatakuwa ndani yake.

Hapa kuna hatari mbili. Ya kwanza ni ya mfasiri anayejua kwamba Biblia ya Kiswahili ina Damari, na kwa hiyo akadhani kwamba Damali ni matamshi ya kienyeji yanayohitaji kusahihishwa. Akifanya hivyo atakuwa ameongeza umbo la tano juu ya yale manne, tena kwa jina la usanifu. Waganda wengi wamekuwa na mashaka na Kiswahili kwa muda mrefu, kwa sababu za kihistoria zinazojulikana. Lugha inayoingia kwa kuwabadilishia watu majina haiwezi kuyaondoa mashaka hayo.

Hatari ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Ni ya kulikubali kwa furaha dai kwamba Damali ni la Kiswahili, kwa kuwa dai hilo linaonekana kukipamba Kiswahili. Lugha haipati heshima kwa kuhesabiwa mali isiyo yake. Orodha inayompa Mganda jina lake kama zawadi ya Kiswahili inamnyang'anya historia halisi: wasomaji wa Mengo, watafsiri wa Luganda, na wazazi waliochagua mstari mmoja kati ya maelfu.

Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonesha kwamba Damali ni jina la Kigiriki lililopata umbo lake katika Biblia ya Luganda ya miaka ya 1890, na kwamba lilienea kwa sababu ya wepesi wa silabi zake, nafasi ya jina la dini katika utambulisho wa Waganda, na heshima ya ikulu. Kuhusu maana, mke na mtamba ni maelezo yanayojadiliwa kuhusu Kigiriki cha kale. "Njozi nzuri" haina msingi katika Kiswahili wala katika Kiarabu. Kwa familia za Kampala, maana ya jina hili imo katika matumizi yake: nyanya aliyelibeba, kanisa alimobatiziwa, na kitabu alichokisoma.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, wafasiri na wahariri wa nyaraka za Kiswahili wayahifadhi majina ya watu kama yalivyosajiliwa, bila kuyapatanisha na Biblia, Kurani au tahajia ya Kiswahili. Pili, maofisa wa usajili wamuulize mwenye jina namna anavyoliandika kabla ya kuliandika wao, na mafunzo yao yajumuishe kanuni za msingi za tahajia za lugha za Uganda, ikiwemo ile ya *l* na *r*. Tatu, mifumo ya usajili iruhusu kuunganishwa kwa maumbo mbalimbali ya tahajia ya jina moja, na ithibati ya tofauti za tahajia itenganishwe kisheria na utaratibu wa kubadili jina. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mabaraza ya kitaifa na idara za lugha za vyuo vikuu kuandaa mwongozo wa majina ya watu wa eneo hili, unaoeleza asili ya kila jina kwa ushahidi.

Mwongozo wa namna hiyo ukiandikwa, chini ya herufi D patakuwa na maingizo mawili, Damali na Damari, kila moja likielekeza kwa jingine, na hakuna litakaloitwa kosa la mwenzake.